Kumkanda mtoto ni tiba ya mama pia

Safu yetu ya afya na usafi leo inaingia chumbani kwa mzazi, na kwa Kiswahili chetu neno hilo humaanisha kwanza mama ambaye ndiyo kwanza amejifungua. Nitazungumzia kumkanda na kumpaka mafuta mtoto mchanga, jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila kulisomea. Lakini nataka ulitazame kwa upande ambao mara nyingi tunausahau, nao ni upande wa yule anayekanda.

Sisi tunaofanya kazi katika vyumba vya kuonea wagonjwa hapa Kiomboi tunamfahamu mama wa aina moja. Huja na mtoto wa wiki tatu au nne, mara nyingi ni mtoto wake wa kwanza. Anasema mtoto ana chango, analia usiku kucha, hashibi. Ukipima joto unakuta liko sawa. Ukiweka kwenye mizani, uzito umeongezeka. Kitovu kimekauka, kinyesi ni cha njano laini kama ilivyo kawaida ya mtoto anayenyonya. Mtoto ni mzima kabisa. Ukimgeukia mama na kumwuliza, "Na wewe unalala? Nyumbani upo na nani?", ndipo machozi yanapoanza kumtoka.

Mama wa namna hii akipewa chupa ya dawa ya chango na kuambiwa aende zake, atakuwa ametibiwa asiyeumwa. Anayeumwa ni yeye, na anachoumwa hakionekani kwa darubini ya maabara.

Siku ya saba na siku ya kumi na tano

Tuelezane hali ilivyo. Kiomboi ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba, na mji wa wilaya hupokea wageni kila mwaka: walimu, wauguzi, askari, watumishi wa halmashauri, wafanyabiashara wa alizeti na vitunguu. Wengi wao ni vijana walio katika umri wa kuzaa. Mke amemfuata mume, au mume amemfuata mke. Mama yake mzazi yuko Tanga, mama mkwe yuko Kigoma, na nauli ya kutoka huko hadi njiapanda ya Misigiri, kisha kupanda huku juu, si ya kuchezea.

Hata wenyeji wenyewe siku hizi hawajasalimika. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo kila mwenye mikono yuko shambani. Bibi ambaye angekaa na mzazi siku arobaini ndiye huyo huyo anayetegemewa kupalilia.

Zamani, iwe pwani au huku bara, mzazi hakuachwa peke yake. Pwani alikuwapo mkunga na somo wake. Walimkanda kwa maji ya moto, wakamfunga mkaja tumboni, wakamsinga mtoto kwa mafuta ya nazi, na wakati wote huo walikuwa wanazungumza. Bara nako alikuwapo bibi na mawifi, na uji haukukauka jikoni. Si yote waliyofanya yalikuwa salama, na nitayataja mabaya yake mbele. Lakini jambo moja walilipatia: hapakupita saa bila mtu mwingine ndani ya chumba kile.

Sasa tazama ilivyo leo. Siku ya saba, penye uwezo, inafanyika aqiqa. Nyumba inajaa, mbuzi anachinjwa, mtoto ananyolewa na kupewa jina, wageni wanaacha vitenge na bahasha. Alhamdulillah. Siku ya kumi sufuria za kuazima zimesharudishwa. Siku ya kumi na tano mzazi anachota maji mwenyewe, mume ameshaingia kazini, na majirani wanaona haya kubisha hodi kwa sababu "mama mchanga amepumzika". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba angalau siku 3 za likizo mkewe akijifungua. Siku 3 zinaisha kabla hata mbuzi wa aqiqa hajanunuliwa.

Walichojifunza wenzetu wa Ulaya

Wasomaji wengine watashangaa kusikia kwamba katika miji ya Ulaya na Marekani kuna madarasa ya kumkanda mtoto. Kina mama hulipa ada, wakaja na watoto wao, wakakaa sakafuni kwa duara na mwalimu akawaonyesha namna ya kuzisugua nyayo. Msomaji wa Iramba anaweza kucheka na kusema hili hata nyanya yangu asiyejua kusoma alilijua. Ni kweli, na wao wenyewe hawakatai kwamba walijifunza kwa wengine. Daktari Mfaransa Frédérick Leboyer alimwona mama mmoja wa Calcutta, India, akimkanda mwanawe, naye mwaka 1976 akatoa kitabu juu ya mama huyo. Mmarekani Vimala McClure alikwenda India mwaka 1973, akafanya kazi katika nyumba ya kulelea yatima, akayaona mambo hayo hayo, kisha akaanzisha chama cha kuyafundisha ambacho leo kina walimu katika nchi nyingi.

Lakini usiishie kwenye kucheka. Jiulize kwa nini mama wa London atoe fedha kwa jambo ambalo angeweza kulisoma kitabuni. Analipia kutoka nje ya nyumba. Analipia kukaa na wanawake wengine watano wenye macho mekundu kama yake, wenye maziwa yaliyochuruzika kwenye blauzi kama yake, na kugundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelala.

Jambo hili lilichunguzwa. Mwaka 2001 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kina mama waliojifungua kwa mara ya kwanza na waliokuwa na dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni inayoelemea na kukataa kuondoka. Waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikutana kuzungumza na kupeana moyo tu. La pili lilikutana kuzungumza na pia kujifunza kuwakanda watoto wao. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Kundi lililokanda lilipata nafuu zaidi, na ndilo peke yake ambalo mama na mtoto walionekana kuelewana vizuri zaidi: kutazamana, kuitikiana, mama kujua mtoto anataka nini.

Lililonigusa katika uchunguzi huo ni hilo la makundi yote mawili. Kukutana peke yake kulisaidia. Kukanda kuliongeza kitu juu yake, nadhani kwa sababu mama mwenye huzuni huona vigumu hata kumtazama mtoto wake usoni, na mikono ikipewa kazi juu ya mwili wa mtoto macho nayo hufuata.

Tuwe wakweli pia upande wa pili. Kuna watu wanaotangaza kwamba mtoto akikandwa atakuwa na akili nyingi, atakua haraka, hataugua. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa mtoto mzima, aliyezaliwa kwa miezi kamili, ushahidi wa madai hayo ni dhaifu. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza mafuta ya kumfanya mtoto awe na akili, fedha yako ibaki mfukoni.

Huzuni ya mzazi si upungufu wa imani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata maradhi ya akili, na mengi ya hayo ni sonona. Ni mmoja katika kila watano. Basi hesabu majirani zako waliojifungua mwaka huu.

Katika jamii zetu mama huyu husemwa kwa namna tatu. Wapo wanaosema anadeka. Wapo wanaosema ana jini. Na wapo wanaosema hana shukrani, Mungu kampa mtoto na bado analia. La tatu ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa sababu mwenyewe ameshaanza kuliamini.

Ndugu msomaji, irejee Sura ya 19, Surat Maryam, kuanzia aya ya 23. Bibi Maryam, mwanamke aliyetukuzwa, alipopatwa na uchungu wa kuzaa akiwa peke yake penye shina la mtende alitamani bora angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa kauli hiyo. Alichopewa ni sauti ya kumliwaza asihuzunike, maji chini yake, na tende mbivu za kula. Mimi naona hapo mpangilio mzima wa kumhudumia mzazi: liwazo, kinywaji, chakula. Basi tusimpe mzazi wa Kiomboi kile ambacho Maryam hakupewa, yaani lawama.

Na wanaotaka kumsomea ruqya wamsomee, hilo halina ubaya wowote. Lakini wasimfiche hospitali. Nchini Pakistan, katika vijiji vya Wilaya ya Rawalpindi, wahudumu wa afya wanawake, ambao si madaktari, walifundishwa kuwatembelea kina mama wenye sonona, kuzungumza nao na kuwasaidia kupanga mambo madogo ya siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona kali walikuwa 23 kati ya 100 kwa wale waliotembelewa hivyo, na 53 kati ya 100 kwa wengine. Dawa iliyotumika ilikuwa mazungumzo yenye utaratibu.

Namna ya kumkanda mtoto

Sasa tushike mafuta. Huku kwetu Singida tuna neema ya alizeti, na watu huniuliza kama yanafaa kwa ngozi ya mtoto. Huko Bangladesh, katika hospitali ya watoto ya Dhaka, watoto njiti walipakwa mafuta ya mbegu za alizeti kila siku. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha maambukizi ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41, na uchambuzi wa mwaka 2008 ukaonyesha vifo vilipungua kwa asilimia 26. Ngozi ya njiti ni nyembamba mno, wadudu hupenya, na mafuta haya husaidia kuiziba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema kuwapaka mafuta watoto njiti na wenye uzito mdogo ni jambo linaloweza kufikiriwa. Ukiwa na njiti wodini, ongea kwanza na muuguzi.

Kwa mtoto wa miezi kamili habari ni tofauti kidogo. Ngozi yake imeshajikamilisha na haihitaji kulowekwa. Utafiti wa Manchester, Uingereza, uliotolewa katikati ya miaka ya 2010 uliona kwamba kupaka mafuta kila siku katika wiki za mwanzo, ya alizeti au ya zaituni, hubadilisha mpangilio wa mafuta ya asili ya ngozi. Kwa hiyo mafuta yawe kidogo tu, ya kuulainisha mkono usikwaruze. Yawe masafi ya kupikia, kutoka chupa iliyofungwa vizuri. Yale yaliyokaangia maandazi usimpake mtoto, na yaliyochacha vilevile.

Zaituni najua itanizulia maswali. Ni mti uliobarikiwa, na wasia wa Mtume (s.a.w.) wa kula mafuta yake na kujipaka tunaujua tangu madrasa. Uchunguzi wa Sheffield wa mwaka 2013 kwa watu wazima ulionyesha mafuta hayo yalidhoofisha ukinga wa ngozi yakipakwa mara kwa mara, wakati ya alizeti hayakufanya hivyo. Ngozi ya kichanga ni nyepesi zaidi ya yetu. Anayetaka kuyatumia kwa baraka, matone mawili matatu kiganjani yanatosha.

Kabla ya kuanza, kata kucha, vua pete na bangili, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Chumba kiwe na joto, hasa Juni na Julai ambapo upepo wa huku juu unapenya hadi mifupani. Lakini usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa haina harufu na huua mama na mtoto kwa usingizi. Funga madirisha, tumia saa za mchana, mvue mtoto nusu na nusu nyingine ifunike kwa khanga.

Chagua wakati ambapo mtoto ameamka na ametulia, walau nusu saa tangu anyonye. Anza na miguu, kwa sababu watoto wengi huikubali bila kushtuka. Shika paja kwa kiganja na uteleze taratibu hadi kifundo, kisha mkono wa pili ufuate. Sugua wayo kwa kidole gumba kutoka kisiginoni kwenda vidoleni. Nenda kwenye mikono vivyo hivyo. Kifuani weka viganja katikati na uvifungue kuelekea pembeni. Tumboni zungusha kiganja kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, yaani upande wa kulia wa mtoto unapanda, unavuka juu ya kitovu, unashuka upande wake wa kushoto. Ndivyo utumbo mpana ulivyokaa, na hewa husukumwa kuelekea njia ya kutokea. Kisha kunja magoti yake taratibu hadi tumboni, hesabu hadi tano, nyoosha. Hapo mara nyingi utasikia majibu, na huo ndio mwisho wa lile "chango". Kama kitovu hakijadondoka, tumbo liache kabisa. Malizia na mgongo, mtoto akiwa amelala kifudifudi mapajani mwako.

Uzito wa mkono ni kama unapobonyeza papai kujua limeiva: usitekenye wala usiminye. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mtoto akigeuza uso, akipinda mgongo, akapata kwikwi au akaanza kulia, amesema imetosha, na wewe acha. Akiwa na homa au vipele, siku hiyo asikandwe. Akichomwa sindano ya chanjo, sehemu ile usiiguse hadi uvimbe uishe.

Na sasa yale mabaya ya zamani, ambayo sina adabu nayo. Usimning'inize mtoto kwa miguu wala kumrusha "ili asiwe mwoga". Usimvute viungo mpaka vilie. Usimfinye kichwa kukitengeneza duara, kinajirudi chenyewe. Usibonyeze utosi wala kuupaka dawa. Usikamue matiti ya mtoto yaliyovimba, hata akiwa wa kiume. Uvimbe ule unatokana na homoni za mama na huondoka wenyewe, ukikamua unaleta jipu. Usimtie mafuta puani wala masikioni, maana mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia isiyosikia dawa haraka. Kitovu kikae kikavu, bila majivu wala kinyesi cha mnyama. Wanja uache, kwani baadhi ya wanja unaouzwa umekutwa na madini ya risasi, sumu ya ubongo. Na mama naye, kama amefanyiwa upasuaji, asikandwe tumbo kwa maji ya moto. Aliyejifungua kawaida taulo vuguvugu linatosha, lisilomwunguza.

Kuhusu njiti, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaroo, kunatangulia kukanda kokote. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba watoto wadogo waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri mpaka hali zao zitulie. Ukipita wodi yoyote ya kangaroo utakuta kina mama wamekaa kitanda kwa kitanda siku nyingi, na wengi wakitoka hapo wanaitana dada.

Mkeka wa wazazi

Hapa Kiomboi hatuhitaji kuanzisha darasa la kulipia. Serikali imeshatukusanyia wazazi bila sisi kujua. Watoto waliozaliwa wiki moja huitwa kliniki kwa chanjo wakiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14, na katikati kuna kupima uzito. Mama akikaa kwenye benchi ya kliniki, aliye kushoto na kulia kwake wana mtoto wa umri ule ule. Wanangoja saa mbili, kila mmoja anatazama kadi yake, wanaondoka bila kujuana hata majina. Naona tunapoteza mali pale kwenye benchi.

Ninalopendekeza ni hili. Mama mmoja mwenye ujasiri, au mwalimu wa darsa la kina mama, awaalike watano hadi wanane kati ya wale wa benchi moja, mara moja kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Mahali pawe popote penye mkeka msafi na mlango wa kufunga: sebule za kupokezana, au madrasa baada ya Adhuhuri kabla wanafunzi hawajaja. Na asialike Waislamu peke yao. Mji wetu una Walutheri wengi, na jirani atakayesikia mtoto wako akilia saa nane usiku huenda akawa yeye. Maumivu ya chuchu zilizopasuka hayaulizi dini.

Muuguzi wa kliniki au mhudumu wa afya wa kitongoji aombwe aje siku ya kwanza. Bibi mwenye mikono mizuri naye aalikwe, akishakubali yale makatazo niliyoyataja. Heshima ile itamfurahisha, nanyi mtapata hadithi zake. Kila mama aje na khanga mbili na mafuta yake, na akande mtoto wake mwenyewe. Watoto wasipokezanwe mikononi wala kubusiwa na kila mtu, maana mafua ya mtu mzima kwa mtoto wa mwezi mmoja ni hatari. Anayeonyesha atumie khanga iliyokunjwa mfano wa mtoto. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani wiki hiyo. Wauza maziwa ya kopo na sabuni za maajabu wasikaribishwe.

Mtaona kwamba kukanda kunaisha mapema. Baada ya dakika 15 watoto wameshiba, wamelainika, wamelala. Msiondoke. Ile nusu saa inayofuata, chai ikiwa katikati, ndiyo niliyoiandikia makala haya. Hapo mmoja atasema maziwa hayatoki upande mmoja, mwingine aseme alimfokea mtoto mchanga akaogopa nafsi yake, wa tatu aseme hajaoga tangu jana. Anayesikia haya asiwe na haraka ya kutoa fatwa wala dawa. Na yaliyosemwa mkekani yawe amana. Kuyatoa nje ni kusengenya, na kikundi kikivuja mara moja hakikusanyiki tena.

Akina baba msidhani nimewasahau. Al-Aqra' bin Habis alipomwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, alijigamba kwamba ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, na jibu alilopewa halikuwa la kumsifu. Baba anaweza kukanda. Zamu ya jioni ifanye iwe yako, mama apate nusu saa ya kuoga na kulala. Mwanamume aliyepata mtoto hupongezwa msikitini, lakini ni nadra kuulizwa analala saa ngapi au fedha za dawa amezipata wapi. Wewe uliyelea watatu, baada ya Isha msindikize huyo kijana hadi kwake na umwulize.

Mwisho yapo mambo ambayo mkeka hauyawezi. Mtoto asiyenyonya, aliyelegea, mwenye joto kali au aliyepoa, anayepumua kwa haraka au kuvuta mbavu, mwenye degedege, mwenye manjano hadi kwenye viganja na nyayo, mwenye kitovu chekundu kinachotoa usaha, huyo anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Mama mwenye huzuni iliyozidi wiki mbili, asiyelala hata mtoto akilala, asiyekula, naye apelekwe. Anayezungumzia kufa au kumdhuru mtoto, anayesikia sauti au kusema maneno yasiyoeleweka, asiachwe peke yake hata kwa dakika moja, na aletwe hata kama ni usiku wa manane.

Na mama aliyekuwa kwenye benchi wiki ya 6 akakosekana wiki ya 10, mmoja wenu aende kwake na chupa ya uji. Akikuta amesafiri kwao, vizuri. Akikuta mlango umefungwa mchana na mtoto analia ndani, amwite jirani na wabishe pamoja mpaka ufunguliwe, kisha siku hiyo hiyo waongozane naye kliniki.